Mizinga Iliyopanda Reli



Watu wengi wamezoea kuifikiri reli kuwa ni chombo cha amani. Reli huleta mahindi sokoni, huchukua kahawa na pamba mpaka bandarini, na huwarudisha watu makwao baada ya miezi mingi ya kazi. Walakini kwa muda wa miaka themanini na zaidi, tangu mwaka 1862 mpaka mwaka 1945, reli ilichukua pia mzigo wa namna nyingine kabisa, yaani mizinga mikubwa kuliko yote iliyopata kupigwa katika nchi kavu. Mmoja wapo ulirusha kombora lenye uzito wa tani 7. Mwingine ulitupa makombora yake mbali kuliko mtu aweza kutembea kwa siku mbili.

Habari za mizinga hiyo zafaa kusikilizwa, wala si kwa ajili ya kustaajabia ukubwa wake tu. Ndani yake mna swali ambalo kila mwenye amri juu ya mali na nguvu za watu hana budi kujiuliza: Je, kazi iliyofanyika ilistahili gharama yake?

SHIDA YA UZITO

Kila mzinga unavyozidi kuwa mkubwa ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na mwisho hufika hapo ambapo farasi, ng'ombe wala motakaa haviwezi kuuvuta. Chukua mfano wa mzinga wa manowari wenye mdomo wa upana wa inchi 14, kama ile iliyotumiwa na Wamarekani mwaka 1918. Mtutu wake peke yake, bila ya kigari chake wala makombora yake, ulizidi tani 75. Baharini uzito huo si kitu, maana maji huchukua meli na vyote vilivyomo. Lakini mtu akiutua mzinga huo juu ya barabara ya udongo wakati wa mvua, utazama pale pale.

Reli ni njia ya chuma, nayo imelazwa juu ya mataruma na kokoto, ili uzito wa gari ugawanyike sehemu nyingi usilemee mahali pamoja. Kwa hiyo mainjinia waliona kwamba wakilitengeneza behewa refu lenye magurudumu mengi, mzinga wa manowari waweza kusafiri katika nchi kavu mpaka karibu na mahali pa vita, ukapiga, kisha ukaondoka upesi kabla adui hajajua ulipo. Hiyo ndiyo maana ya mzinga wa reli.

MWANZO WAKE MAREKANI

Jambo hili lilianza katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa tangu mwaka 1861 mpaka 1865 baina ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini. Mwaka 1862 jeshi la Kaskazini lilikuwa limeukaribia mji wa Richmond, uliokuwa makao makuu ya serikali ya Kusini. Jemadari Robert E. Lee aliomba mzinga mzito uwekwe juu ya behewa na kukingwa kwa mabamba ya chuma. Ulifanywa hivyo, na tarehe 29 Juni 1862 ukasukumwa kwa injini mpaka kwenye mapigano ya Savage's Station. Haukuamua vita vile, lakini njia ilikuwa imekwisha funguliwa.

Miaka miwili baadaye watu wa Kaskazini nao walifanya vivyo hivyo walipouzingira mji wa Petersburg. Walikuwa na mzinga mfupi, mnene, wa namna ile irushayo kombora juu sana ili lianguke ndani ya ngome. Uzito wake ulikuwa ratili 17,000, na kombora lake lilikuwa na uzito wa ratili 200 na zaidi. Waliuita "Dictator", maana yake mtawala asiyepingwa. Waliuweka juu ya behewa lililoimarishwa kwa mihimili na chuma, wakalipeleka mahali ambapo reli ilipinda. Basi walipotaka kupiga upande mwingine hawakuugeuza mzinga. Walilisukuma behewa mbele au nyuma katika lile pindo, na mdomo wa mzinga ukaelekea palipotakiwa. Werevu huo mdogo uliendelea kutumiwa muda wa miaka themanini.

TEKE LA MZINGA

Kila aliyepata kupiga bunduki anajua kwamba bunduki hupiga teke begani. Mzinga nao hupiga teke, na teke la mzinga mkubwa laweza kulipindua behewa, kuzikunja reli au kuyavunja mataruma. Kulizuia teke hilo ndiyo iliyokuwa kazi kubwa ya mainjinia, na waliipatia njia nne.

Njia ya kwanza ni kuuweka mtutu juu ya kitanda chenye mapipa ya chuma yaliyojaa mafuta. Mzinga ukipigwa, mtutu hurudi nyuma na kuyasukuma mafuta katika matundu membamba, na hivyo nguvu za teke hupungua polepole. Njia ya pili, iliyopendwa na Wafaransa, ni kulishusha behewa mpaka likaegemea mihimili iliyolazwa kando ya reli. Mzinga ukipigwa, behewa zima huteleza nyuma kidogo juu ya mihimili hiyo, kisha huvutwa mahali pake tena. Njia ya tatu ni kuliacha behewa libingirike nyuma kwa magurudumu yake, hali breki zimefungwa. Njia ya nne ni kutengeneza jukwaa imara la chuma na zege ardhini, reli ikaufikisha mzinga hapo, na jukwaa likapokea teke lote.

Palikuwa na shida nyingine. Ili kombora lifike mbali sharti mdomo wa mzinga uinuliwe juu, na mdomo ukiinuka, sehemu ya nyuma hushuka. Kwa hiyo mizinga mingine haikuweza kupiga mbali mpaka limechimbwa shimo baina ya reli, ili mtutu upate nafasi ya kurudi nyuma bila kugonga ardhi.

Tena mzinga haukusafiri peke yake. Nyuma yake yalifuata mabehewa ya makombora na baruti, behewa la winchi ya kuinulia makombora, la fundi na vyombo vyake, la wapimaji na ramani zao, na ya kulala askari. Ilikuwa kama kijiji kizima kinachosafiri kwa ajili ya mtutu mmoja.

NGOME YA DOUAUMONT

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwezi Agosti 1914, Wadachi walizivunja ngome za Liège katika nchi ya Ubelgiji kwa mizinga yenye mdomo wa inchi 16 na zaidi. Wafaransa walikuwa wakiutegemea mno mzinga wao mwepesi, mzuri sana katika uwanja wa wazi, lakini usioweza kitu mbele ya mahandaki na kuta za zege. Walipotazama huku na huku waliona kwamba walikuwa na mizinga mizito mingi iliyokaa bure, maana ilikuwa katika manowari za zamani na katika ngome za pwani. Viwanda vyao viliichukua, vikaitengenezea mabehewa. Baadhi ya mitutu iliyokuwa imechakaa ilichimbwa upya ndani ikawa mipana zaidi. Hivyo mzinga wa manowari wenye mdomo wa inchi 13 na zaidi uligeuka kuwa wa inchi 16 hivi.

Kazi ya mizinga hiyo ilionekana huko Verdun. Ngome kubwa ya Douaumont ilikuwa imetekwa na Wadachi tarehe 25 Februari 1916. Mwezi Mei Wafaransa walijaribu kuirudisha wakashindwa, wakapoteza watu wengi sana. Mwezi Oktoba walileta mizinga miwili ya reli ya inchi 16. Tarehe 23 Oktoba makombora yake yalilipasua paa la zege na kulipukia ndani. Moto ukashika, moshi ukajaa vyumbani, na Wadachi walio wengi wakalazimika kutoka. Kesho yake, katika ukungu mzito, askari wa miguu waliingia Douaumont. Pamoja na Wafaransa walikuwamo Waafrika waliotoka Senegal, na Wasomali waliotoka Jibuti.

Hapo mzinga wa reli ulikuwa umefanya kazi ambayo hapana chombo kingine cha wakati ule kilichoweza kuifanya. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba mzinga uliivunja ngome, lakini walioitwaa ni watu waliokwenda kwa miguu katika matope.

Waingereza na Wamarekani nao walifuata. Tarehe 8 Agosti 1918 Mfalme George wa Tano alikuwapo wakati mzinga wa reli wa Waingereza, wenye mdomo wa inchi 14, ulipolipiga stesheni la Douai, na askari wakaliita kombora lile pigo la Mfalme. Wamarekani walileta mizinga mitano ya manowari pamoja na mabaharia wao chini ya Admeri Charles Plunkett. Mabehewa yake yalijengwa katika kiwanda cha injini za reli cha Baldwin. Tangu mwezi Septemba mpaka tarehe 11 Novemba 1918 mizinga hiyo mitano ilipiga makombora 782. Shabaha yao hasa ilikuwa reli na stesheni zilizopeleka chakula na silaha kwa jeshi la Wadachi. Kombora la mwisho lilipigwa dakika chache tu kabla ya saa tano asubuhi, saa ambayo vita vilikomeshwa.

MAKOMBORA KATIKA MJI WA PARIS

Asubuhi ya tarehe 23 Machi 1918 watu wa Paris walisikia mlipuko mjini. Baada ya muda mfupi ukasikika mwingine. Walitazama juu wasione ndege. Wadachi walio karibu walikuwa mbali maili nyingi, tena haujapata kusikika mzinga wa kupiga umbali wa namna hiyo. Mafundi waliviokota vipande vya chuma, wakaona juu yake alama za mifuo ya mtutu. Ndipo wakajua kwamba ni mzinga kweli.

Mzinga huo ulikuwa umefichwa katika msitu wa Crépy, karibu na mji wa Laon, umbali wa maili 75 kutoka Paris. Uliletwa kwa reli, ukawekwa juu ya jukwaa la kugeuka. Mtutu wake ulikuwa na urefu wa futi 110 hivi. Kombora lake lilikuwa dogo, la ratili 230 tu, lakini lilipanda juu maili 25 hivi, mahali ambapo hewa ni nyembamba sana na haizuii kitu, na likachukua kama dakika tatu kufika. Wapimaji walilazimika kuhesabu hata mzunguko wa dunia, kwa kuwa katika dakika hizo tatu dunia yenyewe ilikuwa imegeuka kidogo.

Nguvu za baruti zilikuwa nyingi hata kila kombora lilikula chuma cha mtutu kwa ndani. Kwa sababu hiyo makombora yalipewa namba, na kila moja lilifanywa pana kidogo kuliko lililotangulia. Mtu akikosea namba, mtutu waweza kupasuka. Baada ya makombora sitini na kitu mtutu ulikuwa umekwisha kazi, ukarudishwa kiwandani.

Na faida yake ilikuwa nini? Mzinga ule haukuweza kulenga nyumba wala daraja. Uliweza kulenga mji tu, na kombora likaanguka po pote. Tarehe 29 Machi 1918, siku ya Ijumaa Kuu, kombora moja liliangukia kanisa la Saint-Gervais wakati watu walipokuwa wakisali. Paa liliporomoka, wakafa watu karibu 90. Mpaka mwezi Agosti waliokufa kwa mzinga huo walikuwa yapata 250, na waliojeruhiwa yapata 620. Hawakuwa askari vitani. Walikuwa wanawake, watoto, wazee na watu wa kazi. Wadachi walitumaini kwamba Paris itaingiwa na hofu na kuomba amani. Watu walihofu kweli, na wengine wakahama, lakini Ufaransa haikuomba amani. Wakati majeshi yake yalipoanza kusonga mbele, mzinga ule uliondolewa upesi, wala washindi hawakupata kuuona.

MIZINGA YA MELI KATIKA AFRIKA YA MASHARIKI

Afrika ya Mashariki nayo iliona jambo lililo karibu na hayo. Manowari ya Wadachi iliyoitwa Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Kisha ilijificha katika midomo ya mto Rufiji, na huko ikaharibiwa tarehe 11 Julai 1915. Lakini mizinga yake kumi haikupotea. Ilitolewa katika meli, ikavutwa kwa mikono ya mamia ya watu, na katika karakana za Dar es Salaam ikatengenezewa magari ya magurudumu. Ilikuwa midogo ikilinganishwa na ile ya Ulaya, maana mdomo wake haukuzidi inchi 4 na kidogo. Walakini katika nchi hii hapakuwa na mizinga mingi ya kushindana nayo. Mmoja ulifika Kigoma, ilikokomea reli ya kati, ukafungwa katika meli Graf von Götzen katika ziwa Tanganyika. Meli hiyo baadaye iliitwa Liemba. Mizinga ya Königsberg na ya Pegasus iliwekwa mbele ya Ngome ya Yesu mjini Mombasa, na watu wengi wameiona.

Maadamu Wadachi walikuwa na reli, mizinga ile iliweza kwenda upesi huku na huku. Lakini mwaka 1916 walinyang'anywa reli zote mbili, ile ya Tanga na ile ya kati. Tangu hapo kila mzinga ulikuwa mzigo wa kuvutwa porini na watu, na moja baada ya moja ikapotea.

Ikumbukwe pia kwamba mahali ambapo hapakuwa na reli, chakula, risasi na vyombo vya majeshi ya pande zote vilichukuliwa vichwani na mabegani. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa njaa, homa na kuhara damu. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam, na lile la Kariokor katika Nairobi, latokana na jina la kikosi chao. Huko Ulaya uzito wa vita ulichukuliwa na mataruma ya reli. Huku ulichukuliwa na watu.

MZINGA MKUBWA KULIKO YOTE

Baada ya vita vile Wafaransa walijenga katika mpaka wao mstari mrefu wa ngome za zege na chuma, ukaitwa mstari wa Maginot. Serikali ya Hitler ilitaka silaha ya kuzivunja. Kiwanda cha Krupp, katika mji wa Essen, kilipewa kazi hiyo mwaka 1937, na mkuu wa shauri hilo alikuwa injinia Erich Müller. Matokeo yake ni mzinga ulioitwa Gustav.

Mdomo wake ulikuwa na upana wa inchi 31 na nusu, yaani mtoto aliweza kuingia ndani akakaa. Uzito wake wote ulikuwa tani 1,350. Ulisimama juu ya magurudumu 80, tena si katika reli moja bali katika reli mbili zilizolazwa sambamba. Kombora la kuvunjia zege lilikuwa na uzito wa tani 7 na kidogo, na lile la kulipukia juu lilikuwa la tani karibu 5, likaenda mbali kama maili 29.

Lakini mwaka 1940 Wadachi walipoivamia Ufaransa, Gustav alikuwa bado hajawa tayari. Majeshi yao yaliuacha mstari wa Maginot kando, yakapita katika milima na misitu ya Ardennes, na Ufaransa ikashindwa kwa muda wa majuma sita. Kazi iliyokusudiwa mzinga ule ilikuwa imekwisha fanyika bila ya mzinga wenyewe.

Ikatafutwa kazi nyingine. Mwezi Juni 1942 Gustav alipelekwa Sevastopol, mji wa bandari ya Warusi katika Crimea. Alisafiri vipande vipande katika mabehewa mengi. Watu yapata 2,500 walilaza reli na kuchimba, na wengine yapata 250 walifanya kazi ya siku tatu kuviunga vipande vyake. Tena palitakiwa vikosi vya kumlinda na ndege. Alipokuwa tayari, kombora moja lilichukua zaidi ya nusu saa kutiwa na kupigwa. Katika vita vile vyote alipiga makombora 48. Lililosifiwa zaidi ni lile lililopenya mwamba na kuivunja ghala ya silaha iliyochimbwa chini ya ghuba. Mji ulishindwa mapema mwezi Julai, lakini ulishindwa na mizinga mingine mamia kwa mamia, na ndege, na askari wa miguu. Gustav alipelekwa kisha karibu na Leningrad, wala huko hakupiga hata kombora moja. Mwisho wa vita ulipokaribia, Wadachi wenyewe walimvunja.

FUKWE ZA ANZIO

Haingekuwa haki kusema kwamba mizinga yote ya reli katika Vita Vikuu vya Pili ilikuwa bure. Krupp walifanya pia mzinga wa kadiri, ulioitwa K5, nao ulikuwa wa busara zaidi. Mdomo wake ulikuwa wa inchi 11, uzito wake tani zaidi ya 200, na ulisafiri katika reli moja ya kawaida kama gari lo lote. Kombora lake la ratili 560 lilifika maili karibu 40. Ilifanywa mizinga 25 ya namna hiyo, na baadhi yake ilipiga pwani ya Kusini ya Uingereza kutoka Ufaransa. Waingereza nao waliweka mizinga ya reli karibu na Dover. Mmoja wapo ulikuwa mnene sana, wa inchi 18, lakini haukuweza kupiga mpaka ng'ambo ya bahari ile. Uliwekwa uwapige adui kama wangethubutu kuteremka pwani, nao hawakuteremka.

Tarehe 22 Januari 1944 majeshi ya Marekani na Uingereza yaliteremka Anzio, katika pwani ya Italia, Kusini ya Roma. Yalizuiwa pale kwa muda wa miezi minne katika ardhi ndogo isiyo na maficho. Wadachi walileta K5 mbili, moja ikiitwa Robert na nyingine Leopold. Mchana zilifichwa mahali ambapo reli ilipita ndani ya mlima, na ndege zilipopita juu hazikuona kitu. Kisha zilitolewa, zikapiga bandari na meli na hema za askari, zikarudishwa ndani. Askari waliokuwa katika mashimo yao waliusikia mlio wa kombora likija kama gari la moshi linalopita angani. Waliuita mzinga ule "Anzio Annie", nao hawakujua kwamba ni miwili.

Hofu ilikuwa kubwa, lakini hofu haikuwarudisha baharini. Mwezi Mei walivunja mzingo, na tarehe 4 Juni 1944 wakaingia Roma. Siku chache baadaye mizinga yote miwili ilionekana imesimama katika reli huko Civitavecchia. Haikuwa imeshindwa kupiga. Ilikuwa imekosa njia, maana ndege zilikuwa zimezikata reli mbele yake.

KWA NINI ILIACHWA

Hapo ndipo palipo kiini cha habari yote. Wazee husema: Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mzinga wa reli ulikuwa na nguvu zisizo kifani, lakini nguvu hizo zilikwenda hapo tu reli ilipokwenda. Mahali penye reli adui alipajua katika ramani. Ikijengwa reli mpya iliyopinda msituni, ndege iliipiga picha. Daraja moja likivunjwa, mzinga wa tani 200 ulikuwa kama mtumbwi juu ya mchanga.

Na ndege yenyewe ilikuwa inakua. Tarehe 14 Machi 1945 Waingereza waliangusha bomu la ratili 22,000, yaani tani karibu 10, juu ya daraja refu la reli la Bielefeld katika Ujerumani, na daraja likaanguka. Bomu hilo lilikuwa zito kuliko kombora kubwa la Gustav, nalo lilichukuliwa mamia ya maili na ndege moja yenye watu wachache tu. Kwa upande mwingine, tangu mwezi Septemba 1944 Wadachi wenyewe walikuwa wakirusha roketi ziitwazo V-2, zilizokwenda karibu maili 200, tena zikapelekwa kwa motakaa na kurushwa katika barabara ya msituni. Ndege ikichukua bomu, na roketi ikichukua baruti, hapana haja ya mtutu wa tani 80 wala ya reli ya kuubeba.

Basi mtu akirudi kwenye lile swali la kwanza, jibu lake si moja. Huko Douaumont, mwaka 1916, mizinga miwili iliyotengenezwa kwa mitutu ya zamani iliokoa maisha ya askari wengi ambao wangekufa mbele ya kuta za zege. Hapo gharama ilikuwa ndogo na haja ilikuwa wazi. Huko Paris ustadi mkubwa wa hesabu na chuma ulitumiwa, na uliovunjika ni kanisa lenye watu wanaosali. Huko Sevastopol maelfu ya watu na chuma chenye thamani kubwa vilitumiwa kwa ajili ya makombora 48, wakati ambapo chuma kile kile kingaliweza kufanya vitu vingi vidogo vyenye faida zaidi.

Tofauti yake haikuwa katika ukubwa wa mzinga. Ilikuwa katika kuanza na kazi kwanza, kisha kutafuta chombo kinachoifaa. Waliomtengeneza Gustav walikuwa na kazi ya haki ya kijeshi mwanzoni, lakini kazi ilipokwisha waliendelea kukitafutia chombo chao kazi, kwa sababu kilikuwa kimekwisha gharimu mno kuachwa. Kosa hilo si la wapiganaji peke yao. Laweza kuonekana hata katika shamba na katika duka, mtu akinunua mashine kubwa kuliko haja yake kisha akaitumikia badala ya kutumikiwa nayo.

Mizinga michache tu ya namna hii ilibaki baada ya vita. Leopold alichukuliwa na Wamarekani kwa meli, na mwaka 2011 alihamishiwa jimbo la Virginia. K5 nyingine ilibaki Ufaransa, karibu na bahari, na mzinga mmoja wa mabaharia wa Plunkett uliwekwa Washington. Watu huenda kuitazama, watoto hupiga picha chini ya mitutu yake. Na zile reli zilizoichukua zilitengenezwa tena mara vita vilipokwisha, zikarudia kazi yake ya kuchukua makaa, ngano na watu wanaokwenda makwao.

Hiyo ndiyo habari ya mizinga iliyopanda reli.